SAFU YA SIHA: Seli Zinazokataa Kufa



Mwezi huu safu yetu imepokea barua ya dada mmoja, ambaye jina lake na mji wake tunavihifadhi. Anaeleza kwamba miaka mitatu iliyopita mumewe alionekana kuwa na saratani ya damu ya aina ile inayokwenda polepole, ambayo madaktari wa hapa Uingereza huiita kwa herufi CLL. Kwa muda wote huo hakupewa dawa yoyote. Aliitwa hospitali kila baada ya miezi michache, akatolewa damu, akapapaswa shingo na makwapa, akaambiwa arudi nyumbani. Jamaa wakanong'ona: "Mgeni hana wa kumtetea, angekuwa mwenyeji angelitibiwa." Sasa ameandikiwa vidonge vya venetoklaksi, ambavyo hapa huuzwa kwa jina la Venclyxto, na daktari amemweleza kwamba kazi yake ni kuzifanya seli zife. Mama mkwe amepiga simu kutoka nyumbani akisema kwamba dawa ya kuua ni sumu, mwanawe asiiguse. Na mgonjwa mwenyewe anasema Ramadhani itamkuta na hatakula mchana. Dada yetu anauliza: "Nimsikilize nani?"

Swali hili ni zito, na bila shaka si lake peke yake. Tunaomba ruhusa ya kulijibu kwa marefu, kwani jibu lake halipatikani ila kwa kuelewa kwanza jambo moja ambalo wengi wetu hatukufundishwa skuli: kwamba mwili hauishi ila kwa kufa kwa baadhi ya sehemu zake, na kwamba saratani ya bwana huyu ni maradhi ya seli zilizokataa kufa wakati wake ulipofika.

Kufa ndani ya uhai

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo mno zisizoonekana ila kwa hadubini. Mwaka 2021 watafiti wawili, Ron Sender na Ron Milo, walichapisha hesabu yao ya seli zinazoondoka na kubadilishwa kwa mpya katika mwili wa mtu mzima. Walipata kiasi cha bilioni 330 kila siku, zenye uzito wa gramu 80 hivi. Zilizo nyingi ni chembe za damu, zikifuatiwa na zile za utando wa ndani ya matumbo. Yote haya hupita bila ya mtu kuhisi maumivu.

Lakini kufa kwa seli si kwa namna moja. Kuna kufa kwa ajali. Mtu akiungua kwa mafuta ya moto, seli hupasuka, vilivyomo vikamwagika, na mahali pale pakavimba na kuwa pekundu. Na kuna kufa kwa mpango. Seli hupokea amri, hujikunyata, hujikata vipande vidogo vilivyofungika kama vifurushi, na seli nyingine huvimeza vifurushi hivyo kabla ya chochote kumwagika. Hapana uvimbe wala kovu. Kufa kwa kwanza ni kama nyumba iliyoungua. Kwa pili ni kama nyumba iliyobomolewa na mafundi, jiwe baada ya jiwe, na boriti zake zikachukuliwa kujengea nyingine.

Mfano ulio wazi tunao mikononi mwetu. Katika mwezi wa pili wa mimba, mkono wa mtoto huwa bapa kama kafi la kuendeshea mtumbwi. Kisha seli zilizo baina ya vidole hupokea amri ya kufa, na vidole vikaachana. Bata hazikupewa amri hiyo seli zake, na kwa hiyo nyayo zake zimebaki na ngozi inayounganisha vidole, naye huogelea nazo. Mfano wa pili uko kifuani. Nyuma ya mfupa wa kidari ipo tezi iitwayo thaimasi, ambamo seli changa za ulinzi wa mwili hufanyiwa mtihani. Zile zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huamriwa kufa, na vilevile zile zisizofaa kwa kazi. Zinazofaulu na kutoka ni chache. Zilizo nyingi hufia humo humo. Lau zingeachwa zote, walinzi wetu wangetugeukia wenyewe.

Jina lililotoka kwenye majani

Katika miaka ya 1960, tabibu wa Australia aitwaye John Kerr alikuwa akichunguza maini ya panya ambayo sehemu yake ilipunguziwa damu. Aliona seli moja moja zikinywea na kukatika vipande pasipo uvimbe wowote, jambo lisilofanana na kufa kwa seli alikokuzoea. Baadaye alikuja Aberdeen, Scotland, akafanya kazi pamoja na Andrew Wyllie na Alastair Currie. Mwaka 1972 watatu hao walitoa makala katika jarida la saratani la Uingereza, wakasema kwamba kufa huku ni jambo la kawaida la viumbe hai, lenye kazi yake kama vile kuzaliana kwa seli kulivyo na kazi yake. Walihitaji jina. Mwalimu wa Kigiriki katika chuo kikuu hicho, James Cormack, akawapa neno la Kigiriki cha kale lenye maana ya majani kuanguka kutoka mtini. Ndilo neno linalotumika duniani kote hadi leo: apoptosisi.

Sisi Waswahili neno hilo tunalo tangu zamani, nalo ni kupukutika. Kila aliyekulia pwani anaujua mkungu. Wakati ukifika, majani yake hugeuka mekundu kama damu, kisha hupukutika uani, na watoto wakatumwa kufagia. Hakuna anayesema mti umepatwa na maradhi. Kinyume chake, tazama tawi lililovunjwa na upepo likabaki linaning'inia: majani yake hukauka lakini hayaanguki, hung'ang'ania pale pale miezi na miezi. Sababu ni kwamba kupukutika ni kazi ya kitu kilicho hai. Mti ulio mzima ndio unaokata jani lake kwa mpango. Tawi lililokufa halina nguvu ya kufanya hivyo. Tunaomba msomaji aushike mfano huu, kwani ndio utakaotufikisha kwenye jibu la dada yetu.

Mnyoo aliyetufundisha

Nani hutoa amri hiyo, na huandikwa wapi? Jibu lilitoka kwa mnyoo wa udongoni mwenye urefu wa milimita 1, aitwaye kwa jina la kitaalamu Caenorhabditis elegans. Mwili wake hupenya mwanga, hata mtu aweza kuzitazama seli zake kwa hadubini zikigawanyika moja kwa moja. Sydney Brenner ndiye aliyemchagua kwa utafiti huko Cambridge. Mwenziwe, John Sulston, aliketi mbele ya hadubini akaufuata ukoo wa kila seli tangu yai hadi utu uzima. Hesabu ikawa hii: mnyoo hutengeneza seli 1090 za mwili, na kati ya hizo 131 hufa kabla hajakomaa, zikabaki 959. Si 130 leo na 140 kesho. Ni zile zile 131, mahali pale pale, wakati ule ule, katika kila mnyoo.

Jambo linalotokea kwa usahihi wa namna hiyo haliwezi kuwa ajali. Robert Horvitz na wanafunzi wake nchini Marekani wakazitafuta jeni zinazoamrisha, wakazipata: baadhi zinazoleta kifo, na moja inayokizuia. Mwaka 2002 Brenner, Sulston na Horvitz walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi hiyo.

Pengine msomaji atasema: mnyoo na mimi wapi na wapi? Basi na asikilize. Mwaka 1992 watafiti walichukua jeni ya binadamu iitwayo BCL2, wakaitia ndani ya mnyoo, na seli za mnyoo zilizokuwa zife zikabaki hai. Amri ilikuwa imeandikwa kwa lugha moja katika viumbe viwili vilivyo mbali kiasi hicho. Na jeni hiyo ya BCL2 ndiyo hasa inayomhusu mume wa dada yetu.

Seli iliyoziba masikio

Jeni ya BCL2 ilijulikana katikati ya miaka ya 1980, pale Yoshihide Tsujimoto na Carlo Croce walipokuwa wakichunguza saratani ya tezi huko Philadelphia. Waliona kwamba katika seli za wagonjwa, kipande cha kromosomu ya 18 kimekatika na kujiunga na ile ya 14, na hapo mpakani ipo jeni inayofanya kazi kupita kiasi. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba kila jeni ya saratani ni kama mguu uliokwama kwenye mafuta ya gari: huifanya seli igawanyike mbiombio. Mwaka 1988, huko Melbourne, David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams walionyesha kwamba BCL2 haifanyi hivyo. Haiongezi kasi ya kuzaliana. Inachokifanya ni kuzuia seli isife hata inyimwe riziki yake.

Hapo ikafahamika kwamba saratani ina milango miwili. Mji waweza kujaa kwa kuwa watu wengi mno wanaingia, na waweza kujaa kwa kuwa hakuna anayetoka.

Namna inavyofanya kazi ni hii. Ndani ya seli mna vyumba vidogo vya kutengenezea nguvu, viitwavyo mitokondria. Amri ya kufa inapofika, protini maalumu hutoboa kuta za vyumba hivyo, na kutoka humo hutoka kitu kiitwacho saitokromu si. Xiaodong Wang na wenzake waligundua mwaka 1996 kwamba kitu hicho, ambacho kwa kawaida husaidia kutengeneza nguvu ya uhai, kikishatoka nje ya chumba chake ndicho kinachowasha vimeng'enya vya kuikata seli vipande. Protini ya BCL2 ni bawabu aliyesimama mlangoni. Akiwa mmoja, huzuia amri zisizo na maana. Wakiwa wengi kupita kiasi, hakuna amri inayopita, na seli huendelea kukaa hata ikiwa imezeeka, imeharibika na haina faida.

Bawabu si pekee mwenye kuhusika. Ipo pia protini iitwayo p53, ambayo huangalia kama maandishi ya urithi ndani ya seli yameharibika. Yakiharibika kupita kutengenezwa, huamrisha kifo. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina hitilafu katika jeni yake, na moshi wa sigara ni miongoni mwa vinavyoiharibu. Ndovu wa Afrika, kama ilivyochapishwa mwaka 2015, ana nakala 20 za jeni hiyo ambapo mwanadamu ana moja kutoka kwa kila mzazi, na wataalamu huona kuwa hiyo ni sababu mojawapo ya ndovu kufa kwa saratani kwa nadra ingawa ana mwili mkubwa na umri mrefu. Seli ya ndovu ikiharibika kidogo tu, hupukutika.

Kwa nini alingojeshwa

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu. Katika CLL, chembe nyeupe za damu za aina moja huwa na BCL2 kwa wingi mno. Hazizaliani kwa pupa. Hulundikana tu, mwaka baada ya mwaka, katika damu, uboho, tezi na wengu, kama majani makavu yasiyoanguka kutoka kwenye tawi lililovunjika. Wapo wagonjwa wanaokaa miaka mingi bila ya ulundikaji huo kuwadhuru.

Utafiti uliofanywa kwa kulinganisha makundi ya wagonjwa ulionyesha kwamba kuanza dawa za saratani mapema, kabla mgonjwa hajaona dalili, hakukurefusha maisha yake. Kulimpa tu taabu ya dawa kabla ya wakati. Kwa hivyo desturi ya madaktari, kwa mwenyeji na mgeni, kwa tajiri na masikini, ni kumwangalia mgonjwa na kungoja. Tiba huanza pale damu inapopungua nguvu, tezi zinapovimba sana, mwili unapokonda bila sababu au mgonjwa anapolowa jasho usiku. Tunawasihi jamaa waliosema mume wa dada yetu amedharauliwa waifute kauli hiyo. Hatukatai kwamba dharau zipo katika nchi za ugenini. Lakini hii haikuwa dharau, bali ni tiba kama inavyopasa. Ubaya wa dhana hiyo ni kwamba humfanya mgonjwa asimwamini daktari siku ile anapokuja na dawa.

Dawa yenyewe

Dawa za zamani za saratani huzipiga seli zote zinazogawanyika haraka, nzuri na mbaya, na ndiyo sababu nywele huanguka na tumbo huchafuka. Hizo kweli zina ukali wa sumu, ingawa zimeokoa wengi. Venetoklaksi ni ya njia nyingine. Umbo lake limetengenezwa likae sawasawa katika kishimo kilicho juu ya protini ya BCL2, kama ufunguo katika kufuli. Bawabu akishashikwa mikono, ile amri ya kufa iliyokuwa inangoja nje kwa miaka hupita, na seli ikapukutika kwa mpango wake wa asili. Mama mkwe tunamjibu kwa heshima zote: mama, dawa hii haiui kama sumu inavyoua. Inazirejeshea seli utiifu zilioupoteza.

Matokeo ya majaribio yake ya kwanza kwa wagonjwa wa CLL ambao maradhi yao yalirudi baada ya tiba nyingine yalichapishwa Januari 2016. Wagonjwa walikuwa 116. Asilimia 79 walipata nafuu iliyopimika, na kwa asilimia 20 dalili za maradhi ziliondoka kabisa. Aprili ya mwaka huo Marekani ikaipa idhini, na leo hutolewa hapa katika hospitali za NHS.

Lakini lazima tuseme na upande wa pili. Katika kundi la kwanza la wagonjwa 56 wa jaribio hilo, watatu walipatwa na madhara makubwa, na mmoja wao akafariki, kwa sababu dawa ilifanya kazi kwa kasi kupita kiasi. Seli nyingi mno zilikufa kwa wakati mmoja, na vilivyomo ndani yake, potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki, vikaingia katika damu kwa wingi ambao mafigo na moyo havikuweza kuuhimili. Wafagiaji walizidiwa na majani. Watafiti wakabadilisha mpango, dozi ikapandishwa polepole, na katika wagonjwa 60 waliofuata hakuna aliyepatwa na janga hilo. Hapa dada yetu anapata maana ya kile alichokiona kuwa ni kero. Mgonjwa wa CLL huanza na miligramu 20 kwa siku, na kila wiki hupandishwa, 50, kisha 100, kisha 200, hadi 400 katika wiki ya tano. Maji mengi ni ya kuyasaidia mafigo, na damu hutolewa mara kwa mara ili hatari ionekane kabla haijafika.

Wala tusiseme kwamba dawa hii ni mwisho wa maradhi. Kwa baadhi ya wagonjwa seli hupata njia ya kuikwepa, na maradhi hurudi. Pia hupunguza chembe za ulinzi, hivyo homa yoyote kwa anayeitumia ni jambo la kupiga simu hospitali siku hiyo hiyo, si la kungojea Jumatatu.

Pale zinapokufa kupita kiasi

Ili picha itimie, yafaa tutaje maradhi ya kinyume, ambamo seli zilizotakiwa kubaki hufa. Katika kisukari kinachoanza utotoni, walinzi wa mwili huziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Katika maradhi ya Parkinson, seli fulani za ubongo hupungua kidogo kidogo hadi mikono ikatetemeka. Katika kiharusi, sehemu ya ubongo iliyokosa damu kabisa hufa kwa dakika chache, lakini pembezoni mwake zipo seli zilizodhoofika tu, ambazo hufa moja baada ya moja katika saa zinazofuata, nyingi kwa kupukutika huku tunakokuzungumza. Hizo zaweza kuokolewa damu ikirejeshwa upesi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Kwa hiyo mtu akipindika mdomo, akishindwa kuinua mkono, au maneno yakimtatiza ghafla, isemwe namba 999 kwanza, kabla ya kumpigia binamu kumuuliza rai yake.

Watu wamejaribu kutengeneza dawa za kuzuia kufa kwa seli. Mojawapo, emrikasani, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa ini, na majaribio yaliyotolewa mwaka 2019 hayakufikia lengo. Kumfungua bawabu kumekuwa rahisi kuliko kumsimamisha mahali pake.

Uvumi kuhusu saumu

Kabla hatujamaliza, tuseme neno juu ya habari inayozunguka kila Ramadhani inapokaribia, kwamba Mjapani mmoja alipewa Nobel kwa kuthibitisha kuwa kufunga hutibu saratani. Mjapani huyo ni Yoshinori Ohsumi, na tuzo aliipata mwaka 2016. Lakini kazi yake ilikuwa juu ya hamira. Aliinyima chakula akaona namna seli zake zinavyokusanya vipande vyake vilivyochakaa na kuvitumia tena, akazitafuta jeni zinazohusika. Hilo ni jambo jirani na kupukutika, si lenyewe, na tuzo hiyo haikutolewa kwa kuthibitisha kwamba mgonjwa wa saratani hupona kwa kufunga. Wala saumu yetu haina haja ya ushahidi huo. Tunafunga kwa kuwa ni ibada, si kwa kuwa hamira imefanya hivi au vile.

Ama kuhusu mgonjwa wetu, asianze Ramadhani kabla ya kusema na daktari wake. Vidonge hivi huliwa pamoja na chakula na maji, mara moja kwa siku, kwa saa ile ile, na katika wiki zile za kupandisha dozi anatakiwa anywe lita moja na nusu hadi mbili za maji kila siku. Kukaa na kiu mchana kutwa katika wiki hizo ni kuyanyima mafigo kile kinachoyalinda. Mgonjwa ana ruhusa katika Qur'ani, na siku nyingine zipo. Amwulize daktari kwanza juu ya mwili wake, kisha amwulize mwalimu wake juu ya saumu yake, akiwa na jibu la daktari mkononi.

Ya kufanya nyumbani

Yapo na mengine ya jikoni. Balungi, danzi, na lile tunda ambalo likikatwa hutoa umbo la nyota, pamoja na maji yake, visiliwe na anayetumia dawa hii, kwani huizuia isivunjwe mwilini na dozi ikawa kubwa kuliko ilivyokusudiwa. Wapishi wetu wanaotia danzi katika mchuzi wa samaki na wazingatie. Ndimu ya kawaida haimo katika orodha hiyo. Kila dawa ya miti shamba iliyoletwa kutoka nyumbani, hata iwe imeletwa kwa mapenzi makubwa namna gani, ionyeshwe kwa daktari au mfamasia kabla haijatiwa mdomoni. Na kidonge kikitapikwa, kisirudiwe siku hiyo. Dozi ifuatayo ichukuliwe kesho kwa saa yake.

Jambo la mwisho linahusu lugha. Mara nyingi katika nyumba zetu mtoto wa miaka 12 ndiye anayefasiri maneno ya daktari. Mtoto huyo hapaswi kubeba neno "saratani" kutoka kinywa cha mtu mmoja hadi masikio ya babake. Hospitali za NHS zina wajibu wa kutafuta mkalimani bila malipo. Aombwe mapema, miadi inapopangwa, na itajwe kwamba ni wa Kiswahili. Dada yetu akifika huko aulize maswali matatu: dozi ya wiki hii ni ngapi, damu itatolewa siku gani, na nani wa kumpigia simu usiku. Majibu yaandikwe kwenye karatasi, ibandikwe mlangoni mwa friji.

Basi dada, umeuliza umsikilize nani. Msikilize mama mkwe katika dua zake na huruma zake, na umsomee ukurasa huu kwa simu. Katika vidonge, msikilize daktari.

Wenye maswali ya siha wayaandike na kuyaleta kama kawaida kwa wahariri, majina hayatatajwa. Toleo lijalo, inshaallah, tutazungumza juu ya kisukari na mafigo.

Wabillahi tawfiq.